Nimeombwa mhuri wa kuthibitisha mionzi ya nyota

Mhariri, salaam.

Kwanza niseme ule ukurasa wenu wa sayansi na teknolojia siukosi, hata nikifungiwa vitumbua kwenye gazeti la mwezi uliopita nikakuta ndo ukurasa wenyewe, nakula huku nasoma mafuta yamelowa kila mahali. Kwa hiyo msione nimekuja kugombana. Ila ile makala ya wiki mbili zilizopita, ile ya gemu la Mario na mionzi kutoka angani, imeniletea kasheshe kibandani kwangu na nimeona nisinyamaze.

Mimi ni fundi wa kompyuta na simu hapa Ngamiani, Tanga. Nina kijana ananisaidia, mwerevu sana, anasoma kila kitu kinachohusu mambo ya teknolojia, na makala yenu aliikata akaibandika ukutani juu ya meza ya kuchomelea. Kichwa chake kilisema mionzi ya nyota ilimrusha Mario, yule mtu wa ndani ya gemu. Ilimrusha, sio inadhaniwa, sio huenda. Shikeni hilo nitalirudia.

Jumatatu asubuhi akaja mama mmoja na laptopu yake kwenye mfuko wa kitenge. Huyu mama ni mweka hazina wa kikoba, wana sanduku la kufuli tatu kama vikoba vingi, ila yeye kwa sababu ni wa kisasa hesabu anaziweka pia kwenye laptopu. Sasa Jumamosi walipokaa, kwenye laptopu hisa za mwezi zinasoma 540,000, wakifungua sanduku wanahesabu 450,000. Wakahesabu tena. 450,000. Tisini elfu haipo. Mama wa watu akaangaliwa kwa macho ambayo hajawahi kuangaliwa maisha yake yote, hakuna aliyemwambia mwizi, ila chai iliyopikwa hawakunywa.

Alikuja anataka laptopu ipimwe kwa sababu ilikuwa inaganda ganda wiki ile. Mimi nilikuwa nimetoka kufuata kioo cha simu kwa mteja. Narudi nakuta kijana wangu keshamaliza kesi, anamwonyesha mama gazeti ukutani, anamwambia mama usihofu, hii ni mionzi ya kutoka kwenye nyota, inapiga RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, inabadilisha namba, hata Mario alirushwa hivihivi, kitu cha kisayansi kabisa. Na mama uso umemwangaza. Namwamkia shikamoo hata hajaitikia vizuri, ananiambia, "Fundi, basi naomba uniandikie barua. Uandike hivyohivyo kama kijana alivyosema. Na mhuri uugonge."

Jamani. Mhuri wangu wa kibanda, ule ninaogongea risiti za kubadilisha chaja, nikathibitishie wanakikoba kwamba nyota imeiba tisini elfu.

Sasa mhariri, naomba tuanzie kwenye Mario mwenyewe maana wasomaji wengine walielewa kama hadithi ya majini.

Gemu lenyewe ni Super Mario 64, la mwaka 1996, la mashine ya Nintendo 64. Mwaka 2013 kuna mchezaji mmoja anajiita DOTA_Teabag alikuwa anacheza kwa kasi huku anarekodi, yupo kwenye ile hatua ya ndani ya saa kubwa, Tick Tock Clock, mara Mario anaruka ghafla mpaka ngazi ya juu bila kupanda popote. Hakuna kitufe cha kufanya hivyo. Watu wa hizi mbio za gemu wanaishi kwa kutafuta makosa ya programu, yaani kosa likipatikana wanalifanyia mazoezi mpaka liwe njia ya mkato, kwa hiyo lile tukio kwao ilikuwa kama mtu kaokota tanzanite njiani. Mtaalamu wao mmoja, pannenkoek2012, akaahidi dola 1,000 kwa yeyote atakayeweza kulirudia. Watu wamejaribu weee. Hakuna aliyeichukua ile hela.

Sasa alichofanya pannenkoek ndo kilinifurahisha, na makala yenu imekiruka. Alichukua hali ileile ya gemu kwenye kompyuta, akaenda kwenye namba inayotunza kimo cha Mario, baiti ya kwanza (baiti ni biti nane, na biti ni tarakimu moja ya sifuri au moja) ilikuwa C5 kwa maandishi ya kompyuta akaifanya C4. Kwa lugha ya sifuri na moja ni 11000101 kuwa 11000100, angalieni, ni tarakimu ya mwisho tu, moja imekuwa sifuri. Biti moja. Mario akaruka vilevile kama kwenye video.

Kwa nini biti moja imrushe mtu ghorofa nzima? Kwa sababu ile namba haijaandikwa kama tunavyoandika sisi, imeandikwa kwa mtindo wa sehemu mbili, sehemu moja inasema tarakimu na nyingine inasema ukubwa, kama mtu anavyosema "nne" alafu anaongeza "elfu" au "mia". Ile biti ilikuwa kwenye upande wa "elfu na mia". Ikibadilika hiyo namba yote inakuwa robo ya ilivyokuwa. Na Mario alikuwa chini ya mstari wa sifuri, yaani kimo chake ni hasi, ni kama ana deni. Deni la elfu nne na kitu likageuka deni la elfu moja na kitu. Ukipunguziwa deni kwa robo tatu si unapanda juu bwana.

Kwa hiyo mpaka hapo tunajua kitu kimoja kwa uhakika mkubwa: biti moja iligeuka. Ni nini kiliigeuza, hapo ndo hadithi inaanza. Mionzi ya kosmiki, yaani hiyo ya kutoka angani, ni jibu moja linalowezekana. Ni jibu tamu, linaenda vizuri na picha ya jua gazetini. Ila hakuna aliyeiona, hakuna kipimo kilichokuwepo chumbani, mashine haikufunguliwa usiku uleule ikapimwa. Inaweza kuwa umeme umeyumba, inaweza kuwa RAM imechoka, inaweza kuwa kaseti haijakaa vizuri.

Na hapo kwenye kaseti niacheni niongee maana ndo nyumbani kwangu.

Kabla sijawa fundi nilikuwa na kibanda cha gemu, PlayStation mbili na mashine mbili za kaseti, zile za kaseti ya njano. Watoto walikuwa wanajaa mpaka mlangoni. Kila siku lazima kaseti igome, skrini inajaa vyumba vya rangi au yule mtu wa gemu anatembea hewani, kichwa kipo kwingine miguu kwingine. Dawa yake kila mtoto wa mjini anaijua, unaitoa unaipuliza fuuu unarudisha. Na inakubali! Tukawa tunaamini pumzi ndo dawa, kulikuwa na dogo mmoja tulikuwa tunamwita Daktari kwa sababu pumzi yake eti ina nguvu, akija analipwa kwa gemu moja la bure. Baadae nilipoingia ufundi ndo nikajua pumzi haikufanya lolote la maana, kilichofanya kazi ni kule kutoa na kurudisha, zile pini zinasuguana zinapata mguso mpya, tena yale mate yetu yalikuwa yanazidi kuleta kutu. Miaka yote ile tunamlipa Daktari kwa kutuharibia kaseti.

Ndo maana mimi nikisikia namba imegeuka kwenye mashine ya kaseti ya miaka ya tisini, kitu cha kwanza kinachonijia sio nyota. Hata laptopu ikiletwa inapiga milio haiwaki, kabla sijasema chochote naitoa RAM nasugua pini zake za dhahabu kwa ufutio wa penseli, ule mweupe wa shule, nafuta na spiriti, narudisha. Mara nyingi sana inawaka. Ufutio wa bei ya pipi.

Alafu kuna kitu kwenye hiyo Nintendo 64 hakijulikani sana. RAM zake zilikuwa na biti tisa kwa kila baiti badala ya nane. Kwenye kompyuta nyingine ile biti ya tisa kazi yake ni ulinzi, inakagua nane wenzake kama wako sawa. Nintendo wakaipa kazi nyingine, ikawa inasaidia mambo ya picha, kulainisha kingo na mambo kama hayo. Yaani mlinzi wa getini kapelekwa kupaka rangi nyumba. Sio kosa, ni gemu, nani aliwaza miaka kumi na saba baadae watu watakaa kuhesabu biti moja moja. Lakini ina maana biti ikigeuka mle, hakuna wa kupiga kelele.

Sasa msije mkasema fundi wa Ngamiani anapinga mionzi. Sipingi. Ipo, na kijana wangu alishangaa nilipomwambia inampita muda huohuo anaobishana na mimi.

Aliyeigundua ni Victor Hess wa Austria. Mwaka 1912 alikuwa anapanda na puto akiwa na vipimo vya mionzi. Wakati huo watu wengi waliamini mionzi yote inatoka ardhini kwenye miamba, kwa hiyo ukipanda juu lazima ipungue. Tarehe 7 Agosti akafika kama mita 5,300, hapo ni pungufu kidogo tu ya kilele cha Kibo chenye mita 5,895, ila yeye kakaa kwenye kikapu. Vipimo badala ya kushuka vikapanda. Na kitu ninachompendea huyu mzee, hakukimbilia kusema ni jua. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo alikuwa ameshapanda wakati jua limepatwa, aone kama mionzi itapungua. Haikupungua. Basi akajua haitoki kwenye jua kwa sehemu kubwa, inatoka mbali zaidi. Nobel akapewa 1936. Mnaona jamaa alivyofunga mlango mmoja mmoja kabla ya kusema? Angekuwa anaandika makala yenu ile angeandika kichwa cha habari baada ya miezi minne.

Zile chembe zinazotoka huko nyingi ni protoni, zikigonga hewa ya juu zinavunjika zinamwaga chembe nyingine kama mtu kadondosha kapu la dagaa. Zinazotufikia huku chini nyingi ni muoni, karibu moja kwa kila sentimita moja ya mraba kila dakika. Chukua simu yako ilaze mezani, ukubwa wake ni kama sentimita mia za mraba, basi hapo inapitwa na kama mia kwa dakika. Unaposoma barua hii zimeshapita mamia na simu haijaganda, kwa sababu muoni nyingi zinapita tu kama abiria wa daladala asiyeshuka kituo hiki. Zinazosumbua RAM zaidi ni nyutroni, hizo hazina chaji ila zikigonga kiini cha silikoni ndani ya chipu kinaruka na kuacha umeme njiani, umeme ukitosha biti inageuka. Chipu yenyewe haiharibiki. Ukiandika upya inakuwa nzima kabisa, na ndo maana fundi hawezi kuikuta.

Na hili halikukisiwa, lilithibitishwa. IBM, kampuni ya kompyuta, waliweka RAM nyingi mahali tofauti wakawa wanahesabu makosa, wakapeleka mpaka Leadville kule Colorado, mji ulio zaidi ya mita 3,000 juu, makosa yakaongezeka, wakapeleka chini ya ardhi kwenye mwamba yakatoweka. Huo ndo ushahidi. Hawakusema biti hii ya Jumanne saa nne iligongwa na chembe fulani, walisema ukipanda yanaongezeka ukizama yanaisha, sasa nani atabisha. Tukio moja la Mario huwezi kulipandisha mlima ukalishusha.

Tena kuna kisa kingine nakipenda cha Intel, watengenezaji wa chipu, mwaka 1978 hivi. RAM zao zilikuwa zinageuza biti hovyo. Mhandisi wao Timothy May akachimba mpaka akagundua mionzi inatoka kwenye ganda lenyewe la kauri lililofunika chipu, udongo wake ulikuwa na uranium na thorium kidogo sana. Adui yuko kwenye sahani, sio angani. Walibadilisha malighafi tatizo likapungua. Nikawa namwambia kijana, unaona, angekuwa wewe mwaka ule ungeshalaumu nyota na Intel wangeendelea kuuza sahani zenye uranium.

Kijana akanijibu na la Ubelgiji. Hapa alinibana kidogo nakiri. Uchaguzi wa Mei 2003, eneo la Schaerbeek pale Brussels, walikuwa wanapiga kura kwa kompyuta, mgombea mmoja akapata kura nyingi kuliko zilivyowezekana kwenye mfumo wao. Wakasoma upya zile kadi za kura, kila kitu kikalingana isipokuwa huyo mmoja, kazidishiwa kura 4,096. Mtu wa kawaida anaona namba ya ajabu tu. Mtu wa kompyuta anaona 4,096 nywele zinamsimama, kwa sababu ni mbili mara mbili mara mbili, mara kumi na mbili. Ni biti moja, ile ya kumi na tatu, imegeuka kutoka sifuri kwenda moja. Wataalamu wakapekua programu hawakuona kosa, wakasema biti imejigeuza yenyewe. Mionzi ndo mshukiwa mkuu. Mshukiwa! Kule Ubelgiji kwenyewe, na uchaguzi, na wataalamu, wameishia kwenye mshukiwa.

Na ndege je. Oktoba 7, 2008 ndege ya Qantas namba 72, Airbus A330, inatoka Singapore kwenda Perth, kompyuta moja ikaanza kutoa namba za uongo, ndege ikainamisha pua ghafla mara mbili, zaidi ya watu mia wakaumia, waliokuwa hawajafunga mikanda walirushwa darini. Wachunguzi wa Australia walikaa nayo kesi miaka mitatu mpaka mwisho wa 2011. Chembe za angani waliziweka kwenye orodha ya wanaoshukiwa, wakazichunguza, alafu wakaandika kwamba ushahidi hautoshi kusema ndo zenyewe. Miaka mitatu na mamilioni ya fedha, wakasema hautoshi. Nyie na Mario mmepata ushahidi kwa aya nne.

Kuna na hili la juzijuzi la Novemba 2025 Airbus walipotangaza mionzi mikali ya jua inaweza kuharibu data za kuongozea ndege za familia ya A320, kama ndege 6,000 duniani zikatakiwa zifanyiwe marekebisho, nyingi ilikuwa ni kurudishiwa programu ya zamani tu. (Airbus za kwetu Air Tanzania ni A220, hazikuwemo, maana nako kulikuwa na watu wanasambaza meseji za kutisha.) Hata wao waliandika "inaweza".

Turudi kwa mama, maana bado amekaa kwenye kigoda anasubiri mhuri.

Nikamwambia kijana haya, wewe si mwanasayansi, tuifanyie hesabu nyota yako. Biti moja ikigeuka kwenye hesabu kama hii tofauti inakuwa namba za kurudufu, 1, 2, 4, 8, 16, unaenda hivyo mpaka 32,768, 65,536, 131,072. Au namba nzima inazidishwa au kugawanywa kama ile ya Mario. Tofauti ya mama ni ngapi? 90,000. Imo humo? Akaandika kwenye kiganja, akahesabu mara mbili, akasema haimo. Kwa hiyo nyota ingetakiwa ilenge biti kadhaa kwa mpigo na matokeo yaje kuwa tisini elfu kamili bila senti. Nyota yenye adabu sana hiyo.

Alafu nikamwonyesha kitu ambacho nilifundishwa na mhasibu mmoja mstaafu aliyekuwa mteja wangu, mzee wa enzi za vitabu vikubwa vya wino. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, angalia kama kuna mtu kapindua tarakimu mbili zinazofuatana. Kila ukipindua, iwe 27 kuwa 72, iwe 450 kuwa 540, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. 90,000 gawa kwa tisa, 10,000. Haibaki hata thumni.

Nikamuuliza mama, lile daftari la karatasi bado mnalo? Akatoa kwenye mkoba, daftari la kaunta limekunjika pembe. Ukurasa wa mwezi: laki nne na hamsini elfu, kwa mkono wake mwenyewe, wino wa bluu. Kwenye laptopu laki tano na arobaini. Nne na tano zimepishana njiani. Siku hiyo ilikuwaje mama? Akafikiri. Akasema umeme ulikuwa umekatika, anachapa harakaharaka betri iko mwishoni.

Na laptopu kuganda je? RAM. Niliitoa nikaisugua kwa ufutio ikaacha kuganda. Kijana akadakia basi inawezekana RAM ndo ilibadilisha namba! Nikasema inawezekana. Kweli inawezekana, siwezi kuapa. Ila tarakimu mbili jirani kupishana, na betri asilimia tatu, na giza... mimi hela yangu naiweka pale.

Huku namwekea mama programu ya kukagua RAM usiku kucha, kijana akauliza kwa nini mashine zisijikague zenyewe. Zipo zinazojikagua, seva kubwa kama za benki nyingi zinafanya hivyo. Jamaa anaitwa Richard Hamming wa maabara ya Bell Labs kule Marekani aliichapisha hiyo njia 1950, alikuwa amechoka kuacha kazi kwenye mashine Ijumaa akirudi Jumatatu anakuta ilisimama kwa sababu ya kosa dogo. Nikachukua lilelile daftari la kikoba kumwelezea. Majina yanashuka chini, wiki zinaenda pembeni, kila mstari una jumla yake kulia na kila safu ina jumla yake chini. Nikamwambia geuka, nikabadilisha namba moja kwa penseli, geuka tena utafute. Akajumlisha mistari, mmoja hauendani, akajumlisha safu, moja haiendani, zinapokutana ndo penyewe. Alikipata na akajua na namba sahihi ilikuwa ngapi bila kuniuliza. Njia ya Hamming sio hii kabisa ila ukoo ni mmoja. Mama akachungulia akasema, "Kumbe tunayo tangu zamani?" Mnayo mama, wanawake wa vikoba mnalinda namba kuliko laptopu yenyewe, kwenye laptopu umeandika jumla peke yake bila mistari yake ndo maana haikukushtua.

Sasa mhariri ombi langu. Mnaandika kwa ajili ya vijana wanaokesha kwenye magrupu wanabishana Mario, wanabishana mionzi, mashimo meusi, simu ipi ina chipu gani, na hao ndo watu wangu, sitaki kabisa ukurasa ufungwe au uandikwe kwa uoga. Andikeni Mario hata kila wiki. Ila pale palipo na "inadhaniwa" pawekeni "inadhaniwa", neno lenyewe halili nafasi, na kwa kijana kama wangu lingemfungulia mambo matano ya kutafuta badala ya moja la kumaliza. Mlivyoandika mmempa jibu, akaenda kulipachika kwa kikoba. Na mkipenda mwandishi wenu aje Tanga, ufutio ninao, atasugua RAM mwenyewe.

Mama hakuondoka bila barua. Alisema fundi wale wenzangu wakiona karatasi ya kompyuta wanaamini, mdomo wangu peke yangu hautoshi. Basi nikaandika. Nikaandika laptopu imepimwa, RAM ilikuwa na mguso mbovu imesafishwa, na inadhaniwa tarakimu mbili zilipishana wakati wa kuchapa, walinganishe na daftari ukurasa wa mwezi huo. Akaisoma taratibu, kidole kikafika pale kwenye "inadhaniwa" kikasimama.

"Fundi, hili neno si litawapa maneno?"

Nikamwambia mama, bila hilo neno mhuri siugongi. Akanyamaza kidogo, akachungulia gazeti pale ukutani, akasema haya gonga.

Jumamosi wakakaa tena. Nimesikia kwamba chai imenyweka.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi, Ngamiani, Tanga